Afikaye Mwanzo Penye Ajali: Atazame Kwanza, Ndipo Aokoe

Wananchi wa Kisiwa cha Pemba, pamoja na watumishi wa Serikali katika Wilaya na Shehia zote, wanakumbushwa kwamba mtu afikaye mwanzo penye ajali aghalabu si askari wala daktari. Huwa ni mpita njia, jirani, mwalimu wa skuli au Sheha mwenyewe. Kuokoa nafsi ni jambo tukufu; lakini mwenye kukimbilia bila ya kutazama huenda akawa majeruhi wa pili.

Mfano ulio wazi ni wa Msamvu, mjini Morogoro. Tarehe 10 Agosti, 2019 lori la mafuta lilipinduka hapo. Watu wengi wakalizunguka, baadhi yao wakichota mafuta yaliyomwagika, na ghafla moto ukaripuka. Waliofariki, papo hapo na baadaye hospitalini, walizidi 100. Hawa hawakuuawa na kupinduka kwa lori, bali na kulisogelea.

Sababu yake ifahamike. Petroli hutoa mvuke usioonekana, ulio mzito kuliko hewa. Mvuke huo hutambaa chini na kwenda mbali na gari, na cheche moja tu ya injini au kiberiti hutosha kuuwasha.

Kwa hiyo, kila afikaye mwanzo asimame kwa mbali na ajiulize mambo matatu: Ni kitu gani kilichomdhuru mtu huyu? Je, kitu hicho kingalipo? Na je, ninayo njia ya kukizuia kisinidhuru na mimi? Ikiwa hatari ingalipo na njia hana, asisogee. Wajibu wake ni kupiga simu nambari 112, kuwazuia wengine, na kuwaongoza waokozi wanaokuja.

Kipimo hicho kitumike hivi:

(a) Waya wa umeme ulioanguka usikaribiwe, wala aliyenaswa asiguswe, mpaka Shirika la Umeme lithibitishe kuwa umeme umekatwa. Fimbo kavu si kinga mbele ya waya wa njia kuu.

(b) Kisimani au katika shimo la choo, hewa ya chini huweza kuwa na sumu au kukosa oksijeni, pengine bila ya harufu yoyote. Mtu akizimia humo, wa pili asiteremke kumfuata. Aliye na fahamu ateremshiwe kamba.

(c) Anayezama baharini atupiwe kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Mwenye kuzama humkamata amwokoaye na kumzamisha pamoja naye.

(d) Barabarani, mtu mmoja atangulie kuyasimamisha magari yanayokuja, na injini ya gari lililopata ajali izimwe, ndipo majeruhi ahudumiwe.

Masheha wanaombwa kuyasoma maelezo haya katika mikutano ya Shehia, na walimu wakuu wawasomee wanafunzi wao, kwani watoto ndio wanaotangulia kukimbilia penye kelele.