Kitufe Kilichofichwa Bado Kipo

Kuficha kitufe katika programu ndogo ya kompyuta ni kazi ya mstari mmoja wa msimbo. Kwa wepesi huo, waandishi wengi wa programu hawajiulizi mtumiaji atakutana na nini baadaye.

Chukua programu ya karani wa shule anayepokea ada, iliyoandikwa kwa lugha ya Python na maktaba yake ya madirisha, Tkinter. Akichagua malipo ya simu, hujitokeza kisanduku cha namba ya muamala. Akichagua taslimu, kisanduku hufichwa. Mpango wenyewe ni mzuri, maana fomu hubaki fupi na mzazi haulizwi asichokuwa nacho.

Katika Tkinter, amri ya grid_remove hukiondoa kisanduku machoni lakini hukumbuka kilikaa mstari gani na safu gani, kwa hiyo kikiitwa tena hurudi palepale. Grid_forget husahau yote, na kisanduku kikirejeshwa bila kuelekezwa huangukia safu ya kwanza, katika mstari ulio wazi. Tena mstari ukibaki mtupu hujifunga. Vitufe vya chini hupanda, na karani aliyekuwa amelenga "Hifadhi" hujikuta amebofya "Futa" iliyokuwa chini yake. Dawa ni kuupa mstari huo kimo cha lazima kwa minsize, nafasi ikae hata kisanduku kisipokuwepo.

Linaloumiza zaidi ni lile lisiloonekana kabisa. Karani ameshaandika namba ya muamala, mara mzazi anaghairi na kutoa noti. Kisanduku kinafichwa, ila namba bado imo ndani, na programu isipoifuta itaihifadhi. Siku ya ukaguzi, karani atadaiwa maelezo ya namba ya muamala wa simu kwenye stakabadhi ya taslimu. Huko ni kumwonea mtu kwa kosa la aliyeandika programu.

Kuficha si ulinzi pia. Ukimfichia karani kitufe cha "Futa" huku njia yake ya mkato ya kibodi ikiwa hai, bado anaweza kufuta.

Kwa maoni yangu, kitu kinachomhusu mtumiaji ila zamu yake haijafika kizimwe, kisifichwe: kibaki mahali pake kikiwa kimefifia, ajue kipo. Kifichwe tu kisichomhusu kabisa. Microsoft walijaribu kinyume chake katika Office 2000, ambapo menyu zilificha amri zisizotumiwa mara kwa mara, na watu wakawa wanatafuta kitu walichokijua. Word na Excel za 2007 ziliachana na menyu hizo.

Kabla hujakabidhi programu yako, keti na karani mwenyewe. Chagueni simu, andikeni namba, badilini iwe taslimu, hifadhini. Kisha fungua faili la kumbukumbu usome kilichoandikwa humo.