Kitambi si Ithibati ya Neema

Miaka miwili iliyopita nilikwenda kushonewa suti ya kupokelea posa ya binti yangu. Fundi wangu wa siku nyingi, pale River Road jijini Nairobi, alinizungushia utepe kiunoni, akautazama mara mbili, kisha akaandika katika daftari lake: inchi 44. "Mzee, mambo yamekunyookea," akasema. Nilifurahi. Nani asingefurahi katika nchi ambayo mtu akiota kitambi husemwa kwamba ameula, naye mwembamba huulizwa ana shida gani?

Majuma matatu baadaye mdogo wangu anayenifuata, mtu wa miaka 49, alianguka bafuni asubuhi akijitayarisha kwenda kazini. Kiharusi kilimpooza upande wa kulia na kumpokonya kauli. Ninamtaja hapa kwa sababu ndugu yangu huyu hakuwa mtu mnene. Mikono yake ilikuwa myembamba na mashavu yake yalikuwa yamebonyea. Tumbo peke yake ndilo lililomtangulia kila alikokwenda, nasi tukalifanyia mzaha miaka nenda miaka rudi. Daktari aliyempokea hakuona la kuchekesha. Alitueleza kwamba shinikizo la damu na kisukari vilikuwa vimemwandama muda mrefu pasipo yeye kujua, na kwamba tumbo lile lilikuwa likitangaza habari hizo waziwazi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza. Nilichojifunza, msomaji mpenzi, ni kwamba mafuta ya mwilini si ya namna moja. Yapo yale ya chini ya ngozi, ambayo mtu huweza kuyashika kwa vidole. Yapo pia yanayojificha ndani kabisa ya fumbatio, yakiyazunguka matumbo, ini na kongosho, na haya ndiyo yenye balaa. Hayatulii kama shehena ghalani. Humwaga asidi za mafuta katika mshipa unaopeleka damu moja kwa moja kwenye ini, na hutoa kemikali zinazouchochea mwili kana kwamba una jeraha lisilopona. Ini nalo hujaa mafuta. Insulini, ambayo kazi yake ni kuiondoa sukari katika damu na kuitia katika chembechembe za mwili, huanza kupuuzwa. Kongosho hulazimika kuitoa kwa wingi zaidi hadi likachoka. Hapo ndipo kisukari huingia, na aghalabu presha huwa imekwisha kutangulia.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mnamo mwaka wa 1947 daktari Mfaransa, Jean Vague, aliandika kwamba wanaonenepa sehemu za juu na tumboni ndio wanaopatwa na maradhi haya zaidi kuliko wanaonenepa mapajani na nyongani. Uchunguzi uitwao INTERHEART, uliohusisha watu wapatao 27,000 katika nchi 52, ulionyesha mwaka wa 2005 kwamba kipimo cha kiuno kikilinganishwa na cha nyonga hubashiri mshtuko wa moyo vizuri zaidi kuliko uzito ukilinganishwa na kimo.

Ndiyo sababu nina lalamiko. Katika zahanati niliyoizoea nimepandishwa kwenye mizani mara zisizohesabika, na kila mara nikaambiwa kwamba uzito wangu "si mbaya kwa mtu wa kimo chako". Hakuna hata siku moja aliyenizungushia utepe, kifaa ambacho hakigharimu zaidi ya bei ya soda. Niliupata ukweli wangu kwa fundi cherehani! Kipimo chenyewe ni chepesi: utepe hupitishwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, bila ya kulivuta tumbo ndani kama tufanyavyo mbele ya kamera. Mwanamume akipita sentimita 94, na mwanamke sentimita 80, hatari imeanza. Wakifika 102 na 88, imekuwa kubwa. Inchi 44 zangu ni karibu sentimita 112.

Kuhusu akina mama tusijidanganye, kwani utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba takriban thuluthi moja ya wanawake wa Kenya walikuwa na uzito uliozidi kiasi.

Wapo wanaouza majani ya chai ya kuyeyusha kitambi na mishipi ya kulibana tumbo. Wanauza upepo. Mazoezi ya kuinuka na kulala chali hukaza misuli tu, hayachagui kuyaondoa mafuta ya tumbo. Yanayoyapunguza mafuta ya ndani ni mambo ya kuchosha kusimulia: kutembea kwa kasi takriban kila siku, kupunguza bia, soda na vile vijiko vinne vya sukari katika kikombe cha chai, na kutojaza sahani mara ya pili. Habari njema ni kwamba mafuta hayo ya ndani huwa miongoni mwa ya kwanza kuyeyuka.

Mimi nimepungua inchi tano. Nilichokuwa sikukitarajia ni minong'ono. Tangu miaka ya tisini, ukimwi ulipowakondesha wapendwa wetu, mtu akikonda hapa kwetu hushukiwa, na jirani mmoja amekwisha kumuuliza mke wangu kwa sauti ya chini iwapo niko salama. Hata fundi, nilipompelekea ile suti aipunguze, alinitazama kwa huruma. "Mzee, u mzima kweli?" Nikamwomba utepe wake, nikamzungushia yeye. Inchi 41. Tukakaa kwenye benchi lake, nikamsimulia habari za ndugu yangu, ambaye sasa anajifunza upya kutamka majina ya watoto wake.