Afya Ndani ya Masomo Mengine: Mfano wa Chaussée de Wavre

Ufundishaji mtambuka wa afya ni utaratibu ambao maarifa yahusuyo mwili, akili na ustawi wa mwanafunzi hayafungiwi katika kipindi kimoja chenye mwalimu mmoja, bali hupitishwa katika masomo yaliyopo, kuanzia kemia na hisabati hadi historia na lugha. Utaratibu huo si mgeni Afrika Mashariki, kwa kuwa mitaala ya Tanzania na Kenya imekwisha kuyaweka masuala kama UKIMWI, lishe na mazingira katika kundi la masuala mtambuka. Hata hivyo, nguvu zake na udhaifu wake huonekana vizuri zaidi Chaussée de Wavre mjini Brussels, barabara inayoanzia Porte de Namur na kupita Matonge, eneo la Ixelles lililopewa jina la mtaa wa Kinshasa, ambako familia zenye asili ya Kongo, Rwanda na Burundi hununua vyakula, husukwa nywele na kuchagua vipodozi.

Nchini Ubelgiji elimu haisimamiwi na serikali kuu bali na jumuiya za lugha, na kwa sababu hiyo watoto wawili wa jengo moja katika barabara hiyo wanaweza kusoma chini ya mitaala miwili tofauti, mmoja ukiwa wa Kifaransa na mwingine wa Kiholanzi. Upande wa wasemao Kifaransa, mtaala mpya wa elimu ya msingi umeiweka afya pamoja na ustawi na mazoezi ya mwili katika eneo moja la ujifunzaji, huku elimu ya mahusiano, hisia na jinsia, iliyoingizwa katika majukumu ya shule mwaka 2012, ikitengewa tangu 2023 vikao viwili vya lazima, kimoja katika mwaka wa sita wa shule ya msingi na kingine katika mwaka wa nne wa sekondari. Uamuzi huo wa Septemba 2023 ulizua maandamano ya wazazi, na baadhi ya shule za Charleroi zilichomwa moto, jambo linaloonyesha jinsi mada ya afya inavyoweza kugeuka tishio machoni pa wazazi inapowafikia kwa njia ya uvumi kabla ya kufafanuliwa.

Upande wa Waflemi, yaani wasemao Kiholanzi, una fundisho la aina nyingine. Kwa miaka mingi malengo yaliyovuka mipaka ya masomo, afya ikiwemo, yalizitaka shule zionyeshe kuwa zimefanya jitihada tu, ilhali malengo ya masomo ya kawaida yalidai matokeo. Mageuzi yaliyoanza mwaka 2019 yalipanga umahiri 16 wa msingi, wa kwanza ukihusu utambuzi wa mwili pamoja na afya ya mwili na akili, lakini mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha malengo ya ngazi ya pili na ya tatu ya sekondari kwa hoja kwamba wingi na undani wake uliibana mno haki ya shule kujiamulia namna ya kufundisha. Mtaala wa afya, kwa hiyo, una hatari mbili zilizo kinyume: kuachwa bila mwenye kuuwajibikia, na kujazwa mambo mengi hadi mwalimu akakosa nafasi ya kupumua.

Njia iliyo bora kuliko zote mbili ni kuchagua swali moja la kweli kutoka mazingira ya wanafunzi na kuliacha kila somo lilishughulikie kwa zana zake lenyewe. Matonge swali hilo liko wazi: krimu za kujichubua, zile ambazo Tanzania zikichanganywa nyumbani huitwa mkorogo. Katika biolojia, mwanafunzi hujifunza kwamba melanini, yaani kiini cha rangi ya ngozi, hutengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho tairosinesi, na kwamba haidrokwinoni hukizuia kimeng'enya hicho, ingawa inapotumiwa kwa muda mrefu inaweza kuleta okronosisi, madoa ya rangi ya buluu na nyeusi yasiyotibika kwa urahisi. Papo hapo hujifunza faida ya melanini, ambayo ni kuikinga ngozi na mionzi ya jua, pamoja na gharama yake katika latitudo ya Brussels, ambako jua la majira ya baridi ni dhaifu mno kuuwezesha mwili kutengeneza vitamini D ya kutosha, na mwenye ngozi nyeusi huhitaji kukaa juani muda mrefu zaidi.

Kemia na hisabati hukutana katika zebaki, metali inayodhuru figo na neva. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka kikomo cha sehemu moja katika milioni kwa vipodozi, kiwango ambacho nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2023 kukiondoa ili zebaki isiongezwe kabisa. Mwanafunzi akikokotoa, ataona kwamba kopo la gramu 50 lililofikia kikomo hicho lingekuwa na miligramu 0.05 tu, ilhali krimu zilizopimwa katika nchi mbalimbali zimekutwa na zebaki maelfu ya mara kupita hapo. Hesabu ya namna hiyo humkaa mtoto kichwani kuliko onyo lolote la bango, kwa sababu ameifanya kwa mkono wake mwenyewe.

Jikoni nako kuna somo. Majani ya muhogo, ambayo Wakongo wa mashariki huyaita sombe, yana linamarini, kiini kinachoweza kutoa sianidi yenye sumu. Kuyatwanga huvunja seli na kukikutanisha kiini hicho na kimeng'enya chake, kisha sianidi hutoka kwa mvuke majani yanapochemka. Mwalimu wa kemia anayelieleza hilo huupa ujuzi wa mama na bibi heshima ya kisayansi unayostahili, na mtoto hurudi nyumbani akiwa na la kuuliza badala ya la kukosoa.

Heshima hiyo ni ya lazima zaidi katika suala la krimu, kwani darasani wamo watoto ambao mama zao huzitumia. Somo likigeuzwa mashtaka dhidi ya nyumba zao, mtoto atanyamaza, na kilichokusudiwa kuwa ustawi kitakuwa aibu. Hapo ndipo historia inapohitajika, si kama pambo la kukamilisha orodha ya masomo, bali kwa sababu pasipo kueleza jinsi utawala wa Ubelgiji nchini Kongo, kati ya 1908 na 1960, ulivyoyagawa makazi ya Léopoldville kwa rangi na kuufungamanisha weupe na cheo, tamaa ya kujichubua huonekana kama ujinga wa mtu mmoja mmoja.

Kupanga haya hakuhitaji kipindi kipya katika ratiba, bali saa chache za walimu wanne au watano kuketi pamoja kabla ya muhula, wakiwa na muuguzi wa huduma ya afya ya shule, na wazazi wakionyeshwa mapema kitakachofundishwa. Upimaji nao unaweza kukabidhiwa somo la lugha. Sheria ya Umoja wa Ulaya hukitaka kipodozi kinachouzwa kiwe na orodha ya viambato, namba ya toleo, na jina na anwani ya mwenye kuwajibika. Haidrokwinoni imepigwa marufuku katika krimu za kung'arisha ngozi tangu 2001, na zebaki katika krimu za ngozi tangu miaka ya 1970. Mwanafunzi apewe lebo ya kopo lisilotimiza masharti hayo, aandike aya mbili akieleza kilichokosekana, hatari inayoweza kufichwa na upungufu huo, na swali ambalo mnunuzi angepaswa kumuuliza mwenye duka kabla ya kutoa fedha.