Wazee Wetu Wasio na Ajira: Kulinda Mgao, Kulinda Siku

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo nazungumza na baba zetu na mama zetu waliopita miaka 50. Vijana msizime redio, maana mnaishi nao nyumba moja.

Tuanze na hesabu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Mtu aliyevuka Ziwa Tanganyika mwaka ule akiwa na miaka 30, awe mvuvi wa Baraka, fundi wa Uvira au mwalimu wa Fizi, leo anakaribia miaka 60 au ameshaifikia. Alikuja na nguvu zake zote, akidhani atakaa miezi michache tu. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, na kutoka ni kwa kibali. Ndani ya kambi kuna kazi za posho za mashirika, lakini ni chache, na zikitangazwa zinataka cheti na miguu ya kuzunguka zoni nzima kwenye jua. Mzee anaomba, halafu anayeitwa ni kijana wa umri wa mjukuu wake.

Sitawaambia kwamba kazi iko njiani. Wengi wenu hamtaajiriwa mwaka huu. Na mtu anayekuahidi nafasi lakini anataka umpe chochote kwanza, huyo ni mwizi, hata akija na kitambulisho shingoni.

Basi tuzungumze juu ya kile kilichopo mkononi, yaani mgao.

Sikilizeni jinsi mgao unavyopotea. Siku ya kugawiwa chakula, karibu kila nyumba inahitaji fedha kidogo ya sabuni, ya mboga, ya daftari la mtoto. Kila mtu anauza unga au maharage siku ileile, kwa wanunuzi walewale wachache. Bidhaa imejaa, kwa hiyo mnunuzi ndiye anayepanga bei. Wiki mbili zikipita, nyumba zimeishiwa, mtu anarudi kwa mfanyabiashara yuleyule kununua unga uleule kwa bei ya juu. Sisemi msiuze. Anayesema msiuze hajawahi kukaa mwezi bila sabuni. Lakini amueni kabla ya siku ya mgao: tutauza kiasi gani, na kwa ajili ya kitu gani hasa. Mkiweza kungoja siku nne au tano, ngojeni. Na majirani watatu wakiuza pamoja, mnunuzi hawezi kumpunja mmoja mmoja.

Kinachobaki, kigaweni siku hiyohiyo. Kama mgao ni wa siku 28, tafuta mifuko minne midogo, pima kwa kopo moja, kila mfuko uwe wa wiki moja, ufunge. Mfuko wa wiki ya pili haufunguliwi wiki ya kwanza hata akija mgeni. Mgao ukipunguzwa, na tunajua umepunguzwa mara nyingi, kila mfuko utakuwa mdogo, lakini utajua mapema bugali itakuwa ya ukubwa gani kila siku. Njaa ya kuijua mapema unaweza kuipangia. Ile ya wiki ya mwisho inakukuta huna la kufanya.

Kuna kitu kimoja ambacho nawaomba kwa heshima zote, wazazi wangu: msiweke kadi ya mgao rehani. Mfanyabiashara anakukopesha kidogo, anashika kadi, mwezi ujao anachukua sehemu ya chakula, na deni bado liko palepale. Mtu asiye na kipato hana njia ya kuikomboa kadi ile. Nguo unaweza kuweka rehani. Redio hii pia, ingawa nitasikitika. Kadi hapana.

Sasa kuni. Kila mzigo wa kuni usioungua ni safari moja ambayo binti yako hakwenda porini, na mnajua yaliyowakuta mabinti huko. Loweka maharage usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, weka maji mapya, funika sufuria. Yachemshe kwa nguvu kama nusu saa. Kisha toa sufuria motoni na mfuniko wake, iweke ndani ya kikapu au boksi ulilojaza nguo kuukuu au majani makavu ya mgomba, funika juu kwa blanketi, iache saa nne au tano. Joto lililomo ndani litamaliza kuivisha. Kabla ya kula, chemsha tena. Lakini msiruke ule mchemko wa kwanza, maana maharage, hasa yale mekundu, yakipata joto dogo tu bila kuchemka vizuri yanaumiza tumbo vibaya.

Bustani ya gunia wengi mnaijua: mawe katikati ili maji yashuke, udongo na samadi pembeni, matundu ubavuni. Kwa mtu mwenye mgongo mbovu ni nzuri kwa sababu haina kuinama sana. Panda lengalenga na matembele, chuma ncha tu, mmea utachipua tena.

Na kuna mahali ambapo kubana hakufai. Dawa za presha au za sukari ulizopewa zahanati usizikate nusu ili zidumu. Na mama zetu, najua mnasema "mimi sina njaa, wape watoto". Mkifanya hivyo kila jioni mtaanguka, na wajukuu hao hawatakuwa na wa kuwapikia.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tumezungumza juu ya tumbo. Moyo je?

Watu hupenda kuwaambia wazee wasio na kazi: "Furahi tu, Mungu yupo." Mungu yupo kweli, lakini neno hilo pekee halimsaidii mtu kujua afanye nini saa nne asubuhi. Kuna kijiji kimoja Ulaya, nchini Austria, kinaitwa Marienthal. Si wakimbizi wale, walikuwa kwao. Karibu kijiji kizima kiliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo, na kiwanda kikafungwa kati ya mwaka 1929 na 1930. Watafiti walikwenda kukaa nao ili kuona ukosefu wa ajira unamfanya nini binadamu, na kitabu chao kilitoka mwaka 1933.

Walitegemea kwamba watu wenye muda mwingi wangesoma zaidi, wangekutana zaidi. Waliona kinyume. Maktaba ya wafanyakazi ilikuwa imefuta ada, lakini vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu nusu. Wanaume wengi waliacha kuvaa saa. Barabarani walitembea polepole kuliko wanawake, wakisimama mara kwa mara bila sababu. Wakiulizwa wamefanya nini tangu asubuhi, hawakuwa na la kueleza. Wanawake nao walikuwa wamepoteza mshahara uleule wa kiwandani, lakini bado walikuwa na kazi: kupika, kufua, kushona viraka. Siku yao haikuwatoroka.

Nikisoma habari hiyo naona watu wa hapa. Naona baba aliyekaa chini ya mwembe tangu asubuhi, na mama anayepita mbele yake mara tatu na ndoo kichwani.

Jambo jingine waliloliona watafiti wale ni hili: familia zilizobaki na moyo, zinazosafisha nyumba na kupanga kesho, zilikuwa na fedha kidogo zaidi kwa kila mtu kuliko zile zilizokata tamaa. Tofauti haikuwa kubwa. Kwa hiyo msidharau kopo moja la unga mliloliokoa. Kopo lile linabeba na moyo pia.

Baba, chukua ile ndoo ya mama. Sisemi kwa mzaha. Saa ya kwanza ya siku iwe na kazi isiyobadilika, iwe kuchota maji, kumwagilia gunia au kupasua kuni. Utaona aibu siku mbili, siku ya tatu majirani watakuwa wamepata kitu kingine cha kuchekea.

Halafu ujuzi. Fundi cherehani asiyeona tena vizuri kutunga uzi bado anajua kukata suruali ikae mwilini. Atafute vijana wawili, awafundishe. Hawana fedha, lakini wana nguvu: wamletee madumu mawili ya maji kila siku, na Jumamosi wampasulie kuni. Mapatano yasemwe mbele ya mashahidi: saa ngapi, miezi mingapi, nani analeta sindano. Bila hivyo kijana atachoka mwezi wa pili na mzee atabaki na hasira. Walimu pia. Shule za Wakongo hapa Nyarugusu zinafuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, na watoto wengi wanahangaika na lugha hiyo. Mwalimu wa zamani mwenye ubao mdogo nyuma ya nyumba yake ana wanafunzi wa kutosha.

Mwisho ni vikundi vya kuweka na kukopa. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini. Watu 15 hadi 25 wanakutana kila wiki, kila mmoja ananunua hisa moja hadi tano, fedha inakaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Baada ya mwaka hivi wanagawana. Pembeni kuna mfuko mdogo wa jamii wa ugonjwa na msiba. Kwa mzee asiye na kipato cha uhakika naona hii ni salama kuliko likelemba. Likelemba inakutaka ulete kiasi kilekile kila zamu, na aliyepokea kwanza anaweza kuacha kutoa. Kwenye kikundi, wiki mbaya unanunua hisa moja tu. Ila msikope kwa ajili ya chakula. Kabla ya kuanzisha kikundi, muulizeni kiongozi wa kijiji chenu au zoni kuhusu utaratibu unaoruhusiwa. Na kila kikundi kinahitaji karani mwenye mwandiko safi wa kujaza daftari na vitabu vya hisa, kazi ambayo mwalimu au karani wa zamani anaiweza akiwa amekaa kivulini.

Maswali yenu yaandikeni kwenye karatasi, mpeni kiongozi wa kijiji, nitayajibu wiki ijayo. Ni mimi mtangazaji wenu, kwaherini.

(Muziki wa kipindi.)