Gari ya Karao Kwa Gemu: Mbona Modi Imejaa Mapambo na Bado Inakaa Feki?

Ukiona Land Cruiser ya polisi kwa gemu iko na rim za chrome, antena sita na vimulimuli mpaka kwa bampa ya nyuma, usidanganyike. Hiyo si gari ya karao. Hiyo ni nganya imeandikwa POLICE.

Kwa wale hawajui, modi ni faili unaingiza kwa gemu kubadilisha kitu kilichokuja nayo. GTA San Andreas, ya 2004, bado inapendwa mtaani juu hata laptop ya kawaida inaibeba. Gari yake inatengenezwa na faili mbili: .dff ni umbo, .txd ni zile picha zinabandikwa juu ya umbo. Wasee wengi wanamalizia hapo kwa picha. Stika hapa, mistari pale, na wanasema wametengeneza gari ya Kenya.

Shida ni watu wa side hii wanajua gari za karao vizuri. Ukikaa Sagana, kando ya hii barabara ya Nairobi kwenda Nyeri, utaona kila aina. Chuo cha polisi kiko hapo juu Kiganjo. Rais akienda Sagana State Lodge, ambayo iko Nyeri na si hapa mjini, escort nayo inajulikana. Huwezi cheza na macho ya hawa watu.

So uhalisia unatoka wapi? Uliza kila kitu kwa hiyo gari swali moja: unafanya kazi gani?

Mwili. Ile pickup ya Land Cruiser iko na turubai nyuma juu inabeba watu kwa mvua na jua. Iko na benchi mbili ndefu juu maafisa wanakaa wakitazamana, na mshukiwa anakaa chini katikati. Lile bomba limepanda kando ya kioo ni la kuvuta hewa juu, mbali na maji na vumbi. Hakuna kitu hapo kimewekwa kupendeza mtu.

Mwendo. Hapa ndio wengi wanaanguka. Land Cruiser nyingi za aina hii ziko na injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, nguvu kama farasi 130. Ni ngumu kufa, lakini si ya mbio. Ukiipeleka 250 kwa gemu, umeua kila kitu. Fungua handling.cfg, ongeza uzito, punguza spidi ya juu. Ikipanda mlima pole pole na injini ikilia, mchezaji ataamini hata kama stika ni mbaya.

Taa. Kwa GTA V, kila taa ya king'ora inapewa mpangilio wa hatua 32 kwa carcols.meta: hatua hii iwake, hii izime. Kuzima ndio siri. Taa zote zikiwaka pamoja inakaa Krismasi. Kimulimuli kinafaa kukuambia gari iko wapi na inakuja kwa haraka.

Namba. Si kila gari ya polisi iko na GK. Serikali ilianza kukodisha gari za polisi miaka ya 2013 na 2014, na hizo zinatembea na namba za kawaida kama za raia. Modi yenye GK kwa kila gari imekwama zamani.

Sasa usinielewe vibaya, mapambo si dhambi. Kwa nganya, graffiti ndio kazi yenyewe, juu inaita abiria. Hata ule mstari wa njano wa matatu, wa zile sheria za Michuki za 2004, uliwekwa ili matatu itambulike. Vivyo hivyo, nembo na "Utumishi kwa Wote" zinakuambia nani anakuja na anafaa kukufanyia nini. Hizo acha. Lakini bolt za kiti zenye poligoni elfu mbili, na hakuna mtu atawahi kuziona? Zitafanya laptop ya 4GB igande tu.

Na alama si jambo la gemu pekee. Wakati wa maandamano ya Finance Bill, Juni 2024, kulikuwa na ripoti nyingi za vijana kubebwa na watu wa nguo za kiraia, kwa gari zisizo na alama yoyote. KNCHR na LSK walilalamika waziwazi. Hapo watu waliona maandishi kwa mlango si urembo. Ni njia ya raia kujua nani amemshika na atauliza wapi. Msee akiweka Subaru tupu kwa modi yake ya Kenya, bila stika hata moja, mchezaji wa hapa ataitambua na atashtuka. Huo uhalisia ni mchungu, lakini ni uhalisia.

So kabla uachilie modi yako, jaribu hivi: toa stika zote, endesha gari ikiwa rangi moja. Mwenzako akiiona kwa kioo cha nyuma na apunguze mwendo kabla hujawasha taa, hiyo ndai iko fiti. Asipotambua, rudi kwa umbo na handling. Stika ni za mwisho.