Dawa Nusu, Maradhi Kamili

Mfanyakazi asikiapo moto aendapo haja ndogo, aghalabu hamwambii mtu, maana huona haya. Huuhesabu mshahara wake, akapita dukani, akanunua vidonge vinne vya rangi mbili, akavimeza siku mbili. Moto ukipoa, husema amepona. Ndugu wananchi, hapo ndipo adui afundishwapo vita.

Maradhi hayo ya njia ya mkojo, ambayo wengi huyaita yutiai, mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye Escherichia coli, akaaye matumboni mwetu bila ya kutudhuru. Aingiapo katika njia ya mkojo ndipo awapo adui. Na wanawake hushikwa zaidi, kwa kuwa njia yao ni fupi. Dawa isiyotosha, au inywewayo bila ya haja, huwaua bakteria dhaifu na kuwaacha sugu wazaane. Wengine katika hao hutengeneza kimeng'enya kiivunjacho penisilini na jamaa zake, na silaha hiyo hupeana wao kwa wao.

Zamani bakteria wa namna hiyo walijulikana zaidi mahospitalini. Tangu miaka ya 2000 wameenea hata kwa watu wasiopata kulazwa kamwe. Nasi tulikuwa tumekwisha kuonywa: Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alisema katika hotuba yake ya Nobel ya mwaka 1945 kwamba dawa pungufu itawafanya vijidudu kuwa sugu. Wataalamu wamekadiria kuwa mwaka 2019 bakteria sugu waliua watu milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa kadiri ya watu wake.

Lakini si haki kumlaumu maskini peke yake. Mtu atapimwaje mkojo ikiwa zahanati haina chombo cha kuuotesha, na ikiwa mwajiri humkata ujira wa siku aendayo kwa mganga? Yatupasa tudai vipimo karibu na wafanyakazi na ruhusa ya kutibiwa. Na mwenye duka naye asiuze pasipo cheti.

Wewe nawe, ndugu, pimwa kwanza, kisha umalize dawa kama ulivyoelekezwa. Maradhi haya yakipanda hata kwenye figo huweza kuingia damuni, na hapo ndipo dawa iliyochezewa itakapohitajiwa nayo isifae kitu. Mficha maradhi, kifo humwumbua.