Aliyefiwa na mbwa apewe nini?



Mwezi uliopita nilipanda Kibosho kumjulia hali mama mmoja mtu mzima ambaye, tangu mumewe afariki, anaishi peke yake kihambani. Watoto wake wote wako mbali, Dar es Salaam na Mwanza. Nilipofika getini nilishangaa kusikia kimya. Siku zote nilikuwa nikibwekewa tangu kwenye kona ya barabara.

Nilimwamkia, akaitikia. Kabla sijauliza lolote akasema, "Bobi hayupo tena, mwanangu. Tumemfukia juzi pale nyuma ya zizi." Machozi yakamtoka. Akayafuta haraka kwa upande wa khanga, akaniomba radhi: "Watu watanicheka, eti namlilia mbwa."

Nimeteremka na maneno hayo mpaka mjini, nayo ndiyo yamenifanya nichague mazungumzo ya leo. Kwa nini mtu mzima aombe radhi kwa kulia? Na sisi tuliomzunguka, tumpe nini mtu wa namna hii?

Akifariki binadamu, sisi wa Kilimanjaro hatufundishwi la kufanya. Kabla jua halijazama kuni zimeletwa, mikungu ya ndizi imeshushwa, wanawake wameingia jikoni, vijana wanafunga turubai, na daftari la rambirambi limefunguliwa. Mfiwa hana haja ya kueleza kwamba ana uchungu, kwani utaratibu wenyewe umekwisha kumwambia kuwa anajulikana ana uchungu. Lakini akifa mbwa hakuna utaratibu. Wapo wanaocheka, na wapo wanaosema, "Ni mbwa tu, utapata mwingine." Aliye na huzuni anabaki nayo peke yake, tena na aibu juu yake.

Sisemi kwamba mbwa afanyiwe matanga. Lugha yetu yenyewe inatenga mambo haya: binadamu amefariki, mbwa amekufa, binadamu ni marehemu, mbwa si marehemu. Anayechangisha rambirambi kwa ajili ya mbwa, au kulinganisha kifo cha mbwa na msiba wa mtoto wa jirani, atawaudhi watu na kumwaibisha hata huyo anayetaka kumfariji. Hata hivyo, kutenga mambo si kuyadharau. Pole ya mbwa nayo ni pole, ila ina vipimo vyake.

Hebu fikirini mbwa ni nani katika kihamba. Kwa mama yule wa Kibosho, Bobi alikuwa mlinzi wa ng'ombe na wa migomba. Alikuwa saa yake, maana alimwamsha alfajiri. Alikuwa ndiye kiumbe pekee cha kumsemesha tangu Januari, watoto wanapoteremka mlimani baada ya sikukuu, hadi Desemba nyingine wanapopanda tena. Na alikuwa mbwa wa mumewe, aliyeletwa na mzee mwenyewe akiwa angali mtoto mchanga wa kubebwa ndani ya kikapu. Kwa hiyo Bobi alipokufa, mama alifiwa na mbwa, akapoteza usingizi wa usiku, na kidonda cha mumewe kikatoneshwa.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Huko Tokyo, Japani, nje ya kituo cha treni cha Shibuya, ipo sanamu ya mbwa aitwaye Hachiko. Bwana wake, profesa wa chuo kikuu, alifariki ghafla mwaka 1925, na mbwa yule akaendelea kwenda kituoni kumngoja mpaka yeye mwenyewe alipokufa mwaka 1935. Hapa hapa Tanzania, panya buku Magawa, aliyefunzwa Morogoro na shirika la APOPO, alipewa mwaka 2020 medali ya dhahabu ya shirika la wanyama la PDSA la Uingereza kwa kazi ya kunusa mabomu ya ardhini huko Kambodia. Alipokufa Januari 2022, watu wa nchi nyingi walimkumbuka. Ikiwa panya anakumbukwa kwa kazi yake, mama wa Kibosho asione haya kumkumbuka mbwa wake.

Sasa tuje kwenye zawadi. Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi naongeza kwamba moyo usiouliza unaweza kuharibu. Nayasema haya kwa kuwa niliwahi kuharibu.

Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu mjini Moshi, mzee dereva mstaafu, alifiwa na mbwa baada ya ugonjwa wa siku tatu. Nilimwona mnyonge, wajukuu zake wakinuna. Nikajifanya mwerevu: siku ya tano nikaenda kwa rafiki, nikachukua mtoto wa mbwa mzuri kabisa, nikampelekea mzee. Watoto wakashangilia. Wakamlaza katika banda lile lile, wakamlisha katika sufuria ile ile. Haikupita wiki mbili, mbwa mdogo akaanza kutapika na kuhara damu, akafa. Watoto wakalia mara ya pili, na safari hii sababu ilikuwa mimi.

Daktari wa mifugo alinieleza baadaye. Ugonjwa ule husababishwa na kirusi kinachoitwa parvo. Hutoka katika kinyesi cha mbwa mgonjwa, na huweza kukaa ardhini kwa miezi mingi, hata mwaka, kikimngoja mbwa mwingine ambaye hajachanjwa. Sabuni ya kawaida haitoshi kukiua. Sakafu na vyombo husafishwa kwanza, kisha hupigwa dawa yenye klorini kama jiki. Udongo wa uwanjani ndio mgumu zaidi kusafisha. Mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa akiwa na umri wa wiki sita hadi nane, na chanjo hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita hivi. Mimi nilipeleka zawadi bila kuuliza swali hata moja.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, kabla ya kuchagua zawadi, ulizeni maswali matatu.

Swali la kwanza: mbwa amekufa kwa nini? Kama ni kwa uzee au ajali ya gari, njia nyingi ziko wazi. Kama ni kwa ugonjwa, mtoto wa mbwa asubiri. Na kama kabla ya kufa mbwa alibadilika tabia, akawa mkali bila sababu, akatokwa mate au akashindwa kumeza, hapo zawadi iwekwe kando kwanza. Huenda ni kichaa cha mbwa. Msimguse kwa mikono mitupu, wala msimfukie kabla ya kumwarifu afisa mifugo wa kata, kwani huenda kichwa kikahitajika kwa uchunguzi. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate katika jeraha, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha akimbilie hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Ukiwahiwa kwa chanjo, mtu hupona kabla hajaugua. Kumpeleka mfiwa hospitali kwa nauli yako, katika hali hiyo, ni zawadi kuliko zote.

Swali la pili: mbwa huyo alikuwa akifanya kazi gani? Zawadi nzuri huziba pengo. Kwa mama anayelala peke yake na ng'ombe zizini, pengo la kwanza ni hofu ya usiku, hasa kama mbwa aliwekewa sumu, jambo ambalo wezi hulifanya kabla ya kurudi. Mpelekee taa ya sola ya kuweka nje, au kufuli imara la zizi, au kijana wa ukoo akalale pale wiki mbili tatu. Kwa mzee aliyekuwa akitembea na mbwa wake kila jioni, zawadi ni wewe kwenda kutembea naye. Hiyo haiuzwi soko la Mbuyuni wala Kiboriloni.

Swali la tatu: nani mwingine ndani ya nyumba anaumia? Mara nyingi ni mtoto, na mara nyingi hudanganywa kuwa mbwa "amekimbia". Msimdanganye, kwani atakaa getini akimngoja. Mwambieni amekufa, mwacheni ashiriki kumfukia ikiwa hakufa kwa ugonjwa wa hatari, na mpeni daftari na penseli za rangi amchore. Shimo liwe la kina cha kiuno cha mtu mzima, mbali na kisima na mbali na mfongo, maana maji ya mfereji huo yanakwenda kunywewa na jirani wa chini.

Ama zawadi ya kumbukumbu yenyewe, iwe na jina la mbwa. Hili ndilo jambo ambalo wengi hulisahau. Barua fupi isemayo, "Pole kwa kumpoteza Bobi, nakumbuka alivyonifukuza mpaka mtaroni," inafariji kuliko kapu la matunda lisilo na neno. Picha ni nzuri pia. Siku hizi picha zimejaa katika simu na zinapotea na simu. Ichukue moja, ikasafishwe studio, ikawekewe fremu. Fundi seremala anaweza kuchonga jina katika kipande cha ubao. Mti nao unafaa, kwa mfano mringaringa utakaokuja kukivulia kahawa kivuli, ila muulize mwenye kihamba mahali pa kuupanda. Usimpelekee isale ukaipande juu ya kaburi la mbwa. Jani lile kwa Wachagga lina heshima yake katika makaburi ya watu, katika mipaka na katika kuomba msamaha. Lakini kama ni wewe uliyemgonga mbwa yule kwa gari lako, hapo chukua isale, tafuta mtu mzima wa kukusindikiza, uende ukaombe radhi. Wengi hukanyaga mafuta wakaondoka. Anayebaki na kubisha hodi huwa amekwisha kutoa nusu ya pole.

Tuangalie pia nyumba tunayoingia. Wapo majirani Waislamu wanaofuga mbwa kwa ulinzi lakini hujihadhari na mate yake. Kwao usipeleke mto au blanketi lenye manyoya ya mbwa eti ni ukumbusho. Wala usidhani kwamba kwao mbwa hana thamani, kwani hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu ni mashuhuri katika mafundisho yao.

Zipo zawadi mbili zaidi. Mtoto wa mbwa si zawadi mbaya, mradi aombwe na mfiwa mwenyewe, banda liwe limesafishwa, na aje akiwa na cheti cha chanjo. Mwacheni mfiwa aseme "sasa niko tayari". Wengine husema baada ya mwezi, wengine hawasemi kamwe.

Ya pili ni kuwachanja mbwa wa majirani kwa jina la yule aliyekufa. Wataalamu wanasema mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, kichaa cha mbwa hukosa njia ya kuenea. Kila mwaka tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa, na sehemu nyingi chanjo hutolewa karibu na siku hiyo. Muulize afisa mifugo wako. Kuwapeleka mbwa watano wa kijiji na kumwambia mfiwa, "Hawa wamechanjwa kwa ajili ya Bobi," ni kumpa ukumbusho unaowalinda watoto wanaopita njiani kwenda shule.

Jumamosi iliyopita nilirudi Kibosho. Nilibeba taa ya sola, na picha ambayo mwanawe alinitumia kutoka Dar es Salaam: mzee yuko shambani na panga lake, Bobi amekaa miguuni. Chini nilimwomba fundi aandike jina na mwaka. Mama aliiangalia muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaingia ndani, akatoka na msumari na jiwe la kugongea, akaniambia, "Itundike pale, mwanangu, nikifungua mlango asubuhi niwaone wote wawili." Safari hii alilia, na hakuniomba radhi.

Kama jirani yako amefiwa na mbwa wiki hii, nenda ukabishe hodi. Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, wakati kama huu.